Taa ya cheki injini imewaka: pima kwanza, spea baadaye

Ukitaka kumjua fundi, msikilize anachosema mara tu baada ya kuchomeka mashine ya kusoma namba za hitilafu. Yupo atakayesoma P0171 kwenye kioo na papo hapo kutangaza, "Bosi, oksijeni sensa imekufa hii, niachie hela nikaifuate." Yupo mwingine atakayesoma namba hiyohiyo, akafungua boneti na kutega sikio kutafuta panapofyonza hewa. Namba moja, bili mbili tofauti kabisa.

Kompyuta ya gari haina macho ya kuona kifaa kilichokufa. Inachopata ni volti, joto, mgandamizo wa hewa na muda, na hulalamika hesabu zake zinapogongana. P0171 maana yake hewa imezidi petroli, na kompyuta imeongeza petroli mpaka ikafika mwisho wa kiwango inachoruhusiwa. Nani ameingiza hewa ya ziada, au nani ameibana petroli isifike, jibu lake hupatikana kwa kupima. Na hapa Mwanza kuna vipimo na visababishi ambavyo video za mtandaoni zilizorekodiwa usawa wa bahari hazikuambii. Nitavitaja kila panapohusika.

Haya yanahusu zaidi magari ya petroli ya Kijapani yaliyojaa barabarani kwetu: IST, Vitz, Passo, Raum, Spacio, Premio, Noah. Dizeli ina mambo yake, tuiache.

Taa inawakaje?

Weka swichi ON bila kupiga stata. Taa lazima iwake, kisha izime injini ikiwaka. Isipowaka kabisa, usifurahi: huenda kuna mtu ameitoa balbu au kuiziba ili auze gari. Hilo litazame kabla ya kutoa hela kwa dalali.

Ikiwaka moja kwa moja bila kupepesa na gari linakwenda vizuri, una muda wa kufika nyumbani na kupima kwa utulivu. Ikipepesa huku gari linatetemeka, punguza mwendo na tafuta pa kuegesha. Kuna silinda haichomi, na petroli mbichi inaingia kwenye masega ya ekzosi, yaani kile kifaa cha kusafisha moshi (katalitiki), ambayo yana joto la kutosha kuiunguza humohumo hadi masega yayeyuke. Usijaribu kuupanda mlima wa Bugando ukiwa na taa inayopepesa. Taa nyekundu ya oili au ya joto ni habari nyingine: hiyo unazima injini palepale.

Kusoma namba

Kifaa kidogo cha Bluetooth cha aina ya ELM327 pamoja na programu ya simu kama Torque au Car Scanner vinatosha kwa sehemu kubwa ya kazi. Tundu lenye pini 16 liko chini ya usukani. Tatizo ni kwamba tundu kuwepo si hoja. Marekani ilifanya mfumo huu kuwa wa lazima kwa magari ya kuanzia 1996, Ulaya ikafuata 2001 kwa petroli, lakini magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani yalichelewa. Kwa hiyo Raum au IST ya 2003 inaweza kuwa na tundu la umbo lilelile na kifaa chako kikashindwa kabisa kuongea nayo. Gari si bovu, na huenda kifaa nacho ni kizima. Tafuta mashine inayoijua Toyota ya Kijapani.

Au tumia njia ya zamani. Kwenye Toyota nyingi za aina hiyo, ukiunganisha pini namba 4 na namba 13 kwa kipande cha waya, kisha ukaweka swichi ON, taa ya injini huanza kupepesa namba. Mara mbili, kituo kifupi, kisha mara tano ni 25, yaani petroli imepungua kwenye mchanganyiko. 12 ni mawimbi ya mzunguko wa injini kutofika, 21 oksijeni sensa, 22 sensa ya joto la maji, 31 sensa ya kiasi cha hewa au mgandamizo, 41 sensa ya throto, yaani mlango wa hewa ya injini. Ikipepesa haraka kwa mwendo sawasawa bila kituo, hakuna namba iliyohifadhiwa. Hesabu pini kwa makini, maana namba 16 ina chanya ya betri muda wote, na ukiigusisha na ethi, yaani upande wa hasi, utaunguza fyuzi kama una bahati, na zaidi ya fyuzi kama huna.

Ukishapata namba, ipige picha. Usifute. Pamoja na namba, kompyuta huhifadhi hali ilivyokuwa taa ilipowaka: mwendo, mizunguko, joto la maji, mzigo wa injini. Kama kumbukumbu hiyo inaonyesha gari lilikuwa kilomita 20 kwa saa, mzigo asilimia 90, unajua lilikuwa linapanda mlima na utalijaribu mlimani, si kwenye tambarare ya Pasiansi. Ukichomoa teminali ya betri kama wengi wanavyopenda kufanya, yote hayo yanapotea.

Namba nyingi kwa mpigo

Mashine ikileta namba tano au sita za sensa zisizohusiana, usinunue hata moja. Sensa hazifi kwa kikundi. Tafuta kinachoziunganisha.

Anza na betri. Gari likiwa limelala usiku kucha, isome volti 12.6 hivi, wakati wa kupiga stata isishuke chini ya 10, injini ikiwaka iwe kati ya 13.5 na 14.5. Kisha weka mita ya volti, mguu mmoja kwenye hasi ya betri na mwingine kwenye chuma cha injini, mtu apige stata. Ukiona zaidi ya nusu volti, waya wa ethi umechoka au umelegea. Kuna magari yamebadilishwa kompyuta nzima kwa sababu ya nati moja ya ethi iliyoshika kutu.

Ethi ikiwa safi, pima zile volti 5 ambazo kompyuta hugawia sensa kadhaa kwa pamoja. Zikiwa zimeshuka, chomoa sensa moja baada ya nyingine. Ile ambayo ukiichomoa volti zinarudi 5, ndiyo iliyokuwa inawavuta wenzake chini. Na usisahau panya. Gari lililoegeshwa wiki nzima karibu na jiko au ghala la mahindi, angalia nyaya zilizo juu ya injini kabla ya chochote.

Gari linamisi: P0300, P0301 hadi P0304

Tarakimu ya mwisho inataja silinda isiyochoma. P0300 inasema zinapokezana. Swali la kwanza halihusu mashine kabisa: injini imeoshwa lini? Vijana wa kuosha magari hupenda kuonyesha kazi kwa kuelekeza presha ya maji juu ya injini. Maji yanaingia kwenye mashimo ya plagi, yanakaa, na gari linaanza kumisi kabla hujafika nyumbani. Toa koili, kausha mashimo kwa upepo wa kompresa, futa mpira wa koili, rudisha. Mara nyingi kesi inaisha hapo bila shilingi ya spea.

Ukikuta oili badala ya maji kwenye shimo la plagi, gasketi ya tapeti kava imekauka. Badilisha gasketi kwanza. Ukiweka koili mpya kwenye shimo lenye oili, mpira wake utalainika na kuvuja umeme kama ule wa zamani.

Mashimo yakiwa makavu, fanya jaribio ambalo halina gharama. Tuseme namba ni P0302. Hamisha koili ya silinda ya pili uiweke ya tatu, ya tatu ije ya pili, futa namba, zunguka na gari. Ikirudi P0303, tatizo limehama na koili, nunua koili. Ikibaki P0302, hamisha plagi kwa mtindo huohuo. Ikibaki tena, sasa unazungumzia injekta au kompresheni. Fundi asiyetaka kufanya jaribio hili la dakika chache na badala yake anakuandikia koili nne mpya, mwache.

Tazama na rangi ya plagi. Nyeusi kavu kama masizi ni petroli nyingi au hewa kidogo. Nyeusi yenye unyevu wa oili ina sababu mbili, na moja ni ya huku kwetu ziwani. Injini nyingi za mitumbwi ni za mipigo miwili, na petroli yake huchanganywa oili. Dumu lililobaki baada ya safari ya Ukerewe likimiminwa kwenye Vitz, gari litatoa moshi wa bluu, plagi zitachafuka, na oksijeni sensa itaanza kusoma upuuzi. Kabla hujaamini kwamba ringi zimekwisha, muulize aliyetumia gari mara ya mwisho alijaza wapi.

Ukifika kwenye kompresheni, hapa ndipo urefu wa Mwanza unapoanza kudanganya watu. Ziwa liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kwa karibu asilimia 12 kuliko ya Dar es Salaam. Geji itasoma pungufu kwa kiasi kama hicho hata kwenye injini nzima. Usilinganishe namba yako na ya kitabu na kutangaza injini imekufa. Linganisha silinda na silinda: tatu zikiwa karibu sawa na moja imeachwa mbali, hiyo moja ndiyo mgonjwa.

P0171: petroli kidogo, hewa nyingi

Fungua programu ya simu utazame marekebisho ya petroli, yanayoandikwa STFT kwa ya muda mfupi na LTFT kwa ya muda mrefu. Ukijumlisha mawili hayo, gari zima hukaa kati ya asilimia hasi 10 na chanya 10. Sasa soma mara mbili: injini ikiwa sailensi, yaani inaunguruma bila kukanyagwa, kisha ikiwa imeshikiliwa mizunguko 2,500.

Kama sailensi inasoma chanya 25 na kwenye 2,500 inashuka hadi 5, kuna mahali panavuta hewa baada ya sensa ya MAF, ile inayopima kiasi cha hewa inayoingia. Tundu dogo ni kubwa kwa injini inayopumua taratibu, lakini injini ikivuta hewa nyingi halionekani tena. Kagua bomba la mpira kati ya eya klina na throto, hasa mikunjo ya upande wa chini ambayo huwezi kuiona bila kuikunjua; mpira wa hewa ya breki; mpira wa kupumulia injini chini ya tapeti kava; gasketi ya manifoldi. Baadhi ya mafundi hutafuta tundu kwa kunyunyiza petroli. Usikubali. Nyunyiza maji yenye sabuni kidogo na usikilize mngurumo unapobadilika.

Kama ni kinyume, sailensi nzuri lakini chanya inapanda unapokanyaga, petroli haifiki ya kutosha au sensa ya MAF inahesabu hewa pungufu. Injini ya lita 1.5 ikiwa imepata moto na eya kondishena imezimwa husoma kama gramu 2 za hewa kwa sekunde. Vumbi la barabara zisizo na lami, na wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi na kunaswa kwenye eya klina iliyochoka, huifunika waya ya MAF. Isafishe kwa dawa yake maalumu, usiiguse kwa kidole wala kitambaa. Ikishindikana, pima presha ya petroli. Injini ya 1NZ-FE iliyomo kwenye IST na nduguze inataka psi 44 hadi 50. Ikiwa chini, angalia chujio na pampu ndani ya tangi, na maji pia, hasa kama petroli ilinunuliwa kwenye madumu.

Gari linalotumia MAP, sensa ya mgandamizo wa hewa, badala ya MAF lina mtego wake. Weka swichi ON bila kuwasha, usome MAP. Video itakuambia itegemee kilopaskali 101. Hapa Mwanza sensa nzima itasoma 88 au 89, kwa sababu ndiyo hewa iliyopo. Sensa inayosoma 101 ukiwa umeegesha Capri Point ndiyo ya kutiliwa shaka! Nimeona sensa nzima zikitupwa kwa hesabu hiyo ya pwani.

Na kwa anayelalamika kwamba gari lake "limepoteza nguvu" tangu alilete kutoka Dar, bila taa wala namba yoyote: sehemu ya nguvu hiyo imebaki na hewa nzito ya bahari. Hakuna spea itakayoirudisha.

P0128, P0172 na gari linalokunywa mafuta

P0128 inasema maji hayafikii joto linalotakiwa. Gari halichemki, kwa hiyo mwenye gari anaona ni namba ya bure. Mara nyingi fungua nyumba ya themostati utaikuta tupu. Fundi fulani aliitoa akisema nchi yetu ni ya joto, themostati ni ya Wazungu.

Hoja hiyo imegharimu watu petroli nyingi. Themostati hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Bila hiyo, ukishika lami ya Usagara asubuhi ya mvua, maji yanaweza kubaki kwenye nyuzi 60 na kitu, na kompyuta inaendelea kuongeza petroli kama gari lililowashwa sasa hivi. Oili haipati joto la kukausha unyevu, plagi zinakuwa nyeusi, na P0172, yaani petroli imezidi, huja nyuma yake. Zaidi ya hayo, kwenye injini nyingi themostati ndiyo inayofunga njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji huzunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, na gari lililotolewa themostati ili lisichemke linachemka kwenye foleni ya Buzuruga.

Kama kweli lilikuwa linachemka, chanzo kitafute kwenye feni, mfuniko wa rejeta, au rejeta yenyewe iliyoziba vumbi na wadudu. Mfuniko usiudharau. Kwenye mwinuko wetu maji matupu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Presha ya mfuniko ndiyo inayoyazuia. Na weka kulanti, si maji ya bomba, wala ya ziwani.

P0420 na biashara ya masega

Namba hii inasema masega hayasafishi moshi ipasavyo. Haimaanishi yametoboka, na haimaanishi yaondolewe. Tazama kwenye simu oksijeni sensa mbili za ekzosi, moja mbele ya masega na nyingine nyuma yake. Ya mbele, kama ni ya aina ya kawaida, hupanda na kushuka kati ya volti 0.1 na 0.9. Ya nyuma inatakiwa kutulia karibu na 0.6 au 0.7. Ya nyuma ikiwa imetulia, tafuta kwanza ekzosi inayovuja. Ikicheza sawasawa na ya mbele, masega yamechoka kweli, na hapo uliza kilichoyachosha, kwa kawaida ni misi iliyoachwa muda mrefu au injini inayokula oili. Ukiweka mengine bila kutibu hilo, yatafuata.

Ukiambiwa "tutakutolea bure," fahamu kwamba si bure. Ndani ya masega kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, na wanunuzi wake wapo. Kama unashuku yameziba, dalili ni gari kukata pumzi mlimani. Toa sensa ya mbele, funga geji kwenye tundu lake, na ukiona zaidi ya psi 3 kwenye mizunguko 2,500, moshi hautoki.

Linazima likishapata moto, likipoa linawaka

P0335 ni sensa ya krenki, P0340 ya kamshafti. Zinapozeeka, joto huzikata mawasiliano. Zamani mtu wa Sengerema mwenye ugonjwa huu alikuwa anapata nafuu bila kujua, kwa sababu foleni ya kivuko cha Busisi iliipoza injini. Tangu daraja lifunguliwe Juni 2025 anakuja moja kwa moja, na gari linamzimia njiani.

Mara nyingi namba haihifadhiwi. Likizima, piga stata huku ukitazama mizunguko kwenye simu. Stata inazungusha injini lakini simu inasoma sifuri: sensa ya krenki au waya wake. Inasoma mia mbili na kitu na bado haliwaki: angalia petroli na moto wa plagi. Usiihukumu pampu kwa sababu tu hukusikia mlio ulipoweka ON. Toyota nyingi huiwasha pampu wakati wa stata peke yake.

P1349, P0011 na P0012 ni za VVT-i, mfumo wa Toyota wa kubadili muda wa vali kufunguka kwa presha ya oili. Nunua oili kabla ya kununua chochote. Oili chafu au nzito kupita kiasi huziba kichujio kidogo cha vali yake, na kukisafisha ni kazi ya saa moja. Namba ikirudi baada ya hapo na injini inagonga asubuhi kwa sekunde chache, cheni imelegea. Ukipata P0500 kagua sensa ya mwendo, P0505 safisha throto, P0455 kaza mfuniko wa tangi. Hizo hazina maneno mengi.

Baada ya kutengeneza

Futa namba, halafu usilipe bado. Hitilafu nyingi zinatakiwa kujirudia kwenye safari mbili mfululizo ndipo taa iwake, kwa hiyo taa iliyozimwa na mashine mbele yako haijathibitisha kitu. Liwashe asubuhi likiwa la baridi, shika barabara ya Kenyatta hadi Nyegezi, nyoosha mpaka Usagara kwa mwendo wa kutulia, rudi, upande Bugando au Isamilo kwa gia nzito. Kisha fungua sehemu ya namba zinazosubiri, ambazo hujitokeza kabla ya taa. Fanya hivyo tena kesho yake. Zikiwa hazipo, na marekebisho ya petroli yamekaa ndani ya 10, mpigie fundi akachukue hela yake.